Valini ya kwanza haijui siku ya kliniki

Mama mkubwa wangu ana mbinu moja, na sidhani kama ni yake peke yake. Siku tatu kabla ya kliniki ya kisukari anageuka mtu mwingine. Chai ya rangi anainywa bila sukari. Maandazi anawaachia wajukuu. Ugali wa muhogo anamega matonge manne tu, kisha anasukuma sinia. Jioni anajifunga kanga kiunoni, anatembea kutoka kwake Mikindani mpaka upande wa Boma na kurudi, jambo asilolifanya siku nyingine yoyote ya mwezi. Asubuhi ya kliniki anatobolewa kidole, kimashine kinasema 6.4 (milimoli za sukari kwa lita ya damu), nesi anamsifu. Jioni nikipita kumsalimu namkuta barazani na kikombe chake cha vijiko vinne vya sukari, vitumbua viwili pembeni.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Leo nimefaulu."

Mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa kumi na sita sasa, kwenye maabara ndogo ya binafsi hapa Mtwara mjini. Habari hizi ameniruhusu kuziandika kwa sharti la kutomtaja jina, ingawa mwenyewe anasema Mikindani nzima itamjua kwa vile vitumbua.

Novemba iliyopita, mabibo yamejaa kila uchochoro, nilimwambia apande bajaji aje mjini nimpime kipimo kingine, kile watu wanachokiita cha miezi mitatu. Kwenye fomu kinaandikwa HbA1c. Nikamtoa damu ya mkononi, mililita mbili hivi, kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau. Ilikuwa siku moja tu baada ya "kufaulu" kwake. Sukari ya kidole ilisoma 6.9. Kipimo cha miezi mitatu kikaja na asilimia 9.8.

"Mashine yako mbovu," akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa anasuka. Popote anapokwenda hubeba ukili.

Mashine ilikuwa nzima. Asilimia 9.8 ukiigeuza kwa hesabu yetu ni wastani wa sukari wa kama milimoli 13 kwa lita, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kwenye kipimo hiki, kuanzia asilimia 6.5 kwenda juu tunasema ni kisukari, na daktari wake anataka amshushe mpaka karibu na 7. Zile siku tatu za kujikaza zilikuwa kijiko cha maji kwenye mtungi wa asali.

Nikamwambia, mama mkubwa, kuna mahali kwenye damu yako pameandikwa mabibo yote, juisi yote, na vitumbua vyote tangu Agosti. Akaniuliza swali ambalo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hawajawahi kuniuliza, na kila mwaka wanapita kwangu wengi.

"Pameandikwa wapi?"

Kwenye ncha, mama mkubwa.

Sasa naomba nieleze vizuri, kwa sababu siku ile nilieleza vibaya. Wekundu wa damu ni protini iitwayo hemoglobini. Kila hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye viungo 141, miwili ya beta yenye viungo 146. Kiungo kimoja ni asidi amino moja, na kwenye mnyororo wa beta kiungo cha kwanza kabisa ni valini. Hiyo valini moja ya mwanzoni ndiyo sukari inayoing'ang'ania. Ukisikia mtu amepimwa HbA1c, elewa kwamba valini za kwanza za beta zimehesabiwa, zikatenganishwa zenye sukari na zisizo na sukari. Maabara nyingine hutoa majibu kwa elfu badala ya asilimia, na kwa hesabu hiyo 9.8 ya mama mkubwa inakuwa 84. Katika kila ncha elfu moja za beta, ncha 84 zimebeba sukari. Si 98, kwa kuwa ile asilimia ya mazoea huhesabu na vitu vingine visivyo ncha yenye sukari.

Chuoni jambo hili lilipita kama upepo. Kwenye daftari langu la baiokemia, ambalo bado ninalo na limeliwa na mende kwenye kona, limeandikwa mstari mmoja: "Protini ina ncha ya N na ncha ya C." Mwalimu akaruka moja kwa moja kwenye jinsi mnyororo unavyojikunja, tukachora mizunguko mizuri kwa kalamu za rangi, mtihani ukauliza mizunguko. Ncha tuliziona kama pindo la kitambaa, kitu cha kumaliza tu. Leo mshahara wangu nusu unatoka kwenye ule mstari ambao hata sikuupigia mstari chini kwa wino mwekundu.

Mama mkubwa nilimweleza kwa ukili wake, na hapo ndipo alipoelewa kuliko nilivyoelewa mimi chuoni. Ukili una mwanzo na una mwisho, na havifanani. Mwanzoni chane zimekunjwa zikashikana. Mwishoni zimebaki zinaning'inia, zinangoja chane nyingine. Msukaji akiushika gizani anajua kaushika upande gani. Protini nayo ni hivyo hivyo. Asidi amino kila moja ina pande mbili: upande mmoja kundi amino, lenye naitrojeni, na upande wa pili kundi la kaboksili, lenye kaboni na oksijeni. Zinapounganishwa, kaboksili ya hii inashikana na amino ya ile, molekuli moja ya maji inatoka, mkufu unaendelea. Katikati kila amino na kila kaboksili imeshapata mwenzake. Ila ya kwanza kabisa amino yake imebaki wazi, na ya mwisho kabisa kaboksili yake imebaki wazi. Ndiyo ncha ya N na ncha ya C. Mwili unasuka kutoka N kwenda C, kamwe haurudi nyuma, na sisi tunasoma na kuandika kwa mpangilio huo huo, kushoto kwenda kulia.

(Neno la vitabuni kwa hivi viungo ni "mabaki", kwa kuwa kila kimoja ni kile kilichobaki baada ya maji kutoka. Nililitumia mbele ya mama mkubwa, akadhani nazungumzia kiporo. Nikarudi kwenye "viungo".)

Kwa nini sukari ichague ncha? Mnyororo wa beta una makundi amino mengine mengi, yale ya lisini (aina nyingine ya asidi amino), yanayochomoza pembeni kama miiba. Sukari ingeweza kukaa huko, na kweli nyingine hukaa. Lakini kundi amino haliwezi kushika sukari likiwa limebeba hidrojeni ya ziada. Damu yetu iko kwenye pH (kipimo cha asidi) ya 7.4. Kwenye hali hiyo lisini karibu zote zimebeba hiyo hidrojeni na hazitaki kuiachia. Amino ya ncha inaiachia kirahisi zaidi, kwa hiyo wakati wowote kuna ncha nyingi zilizo mikono mitupu. Sukari ikipita inashikwa. Hakuna kimeng'enya (protini ya kuendesha kemia ya mwili) kinachosimamia, wala mwili haukuamua lolote. Ni kemia ya kugusana tu: sukari ikiwa nyingi miguso inakuwa mingi.

Mguso wa kwanza ni wa kuachiana. Sukari inaweza kushuka ikaenda zake. Lakini ikikaa kidogo, atomu zinajipanga upya ndani, na baada ya hapo haitoki tena. Inabaki pale mpaka seli nyekundu yenyewe ife, na seli nyekundu huishi kama siku 120. Ndiyo maana tunasema miezi mitatu, ingawa ukweli ni kwamba wiki za karibuni zina uzito mkubwa kuliko za nyuma, kwa kuwa seli nyingi zilizokuwepo Agosti zimeshakufa na mpya zimezaliwa. Hili la mwisho sikumwambia. Angeanza kujikaza wiki sita kabla. Sasa nalifikiria, na labda lingekuwa jambo jema.

Januari daktari akaamua vidonge peke yake havitoshi, akamwandikia insulini. Hapo pakazuka jambo jingine. Wiki mbili nzima kichupa kilikaa kwenye friji ya jirani, hakijafunguliwa. Kila nikiuliza naambiwa kesho. Mwishowe akaniita chumbani, akafunga mlango kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hii sindano si ya nguruwe?"

Sikucheka. Swali hilo lina historia ya kweli. Kuanzia miaka ya 1920 kwa miongo mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na za nguruwe zilizotoka machinjioni, na waliokuwa na kisukari zamani hizo walichomwa hizo, hapakuwa na nyingine. Na jibu la swali lake, kwa bahati ya ajabu, linakaa kwenye ncha pia.

Insulini ni ndogo, viungo 51 tu. Ina minyororo miwili, A wenye viungo 21 na B wenye 30. Aliyetuonyesha hayo ni Mwingereza Frederick Sanger, pale Cambridge, na njia aliyoanza nayo mwaka 1945 ilikuwa ya kukamata ncha. Alichukua kemikali inayong'ang'ania kundi amino lililo wazi na kugeuka ya manjano. Akaiacha ishike, kisha akaichemsha insulini kwenye asidi mpaka mkufu ukakatika kiungo kimoja kimoja. Kiungo chenye umanjano kwenye amino yake ya mkufu ndicho kilichokuwa mwanzoni. Vingine vyote havikuwa na amino wazi ya kushikwa hapo. Lisini nazo hupata manjano, lakini kwenye ule mwiba wao wa pembeni, kwa hiyo unaweza kuzitofautisha. Alipata ncha za aina mbili, glisini na fenilalanini, akajua kuna minyororo ya aina mbili. Ilimchukua miaka kumi kutoka hizo ncha mpaka mpangilio mzima wa viungo 51, na mwaka 1958 akapewa Nobel ya kemia. Ya pili alipewa mwaka 1980 kwa kazi ya DNA. Mimi huwa nafikiria zile doa za manjano kwenye karatasi. Mtu amekaa miaka anasoma doa.

Baada yake Msweden Pehr Edman, mwaka 1950, alileta njia ya kufumua: unakata kiungo cha kwanza peke yake bila kuvunja mkufu, unakitambua, kisha cha pili kinakuwa cha kwanza, unakikata nacho. Kama mtu anayefumua ukili chane kwa chane kuanzia mwanzoni. Kasoro yake ni kwamba ncha ikiwa imezibwa, hufumui kitu. Na protini nyingi za seli zetu zimezibwa kweli, mwili wenyewe unabandika kikundi kidogo cha asetili juu ya amino ya mwanzo. Beta ya hemoglobini haijazibwa. Ingezibwa, sukari isingepata pa kushika pale, na mimi nisingekuwa na kipimo cha kumuuzia mtu.

Nimetoka nje ya njia. Nguruwe.

Ukipanga insulini ya nguruwe kando ya ya mtu, viungo 50 ni vile vile. Tofauti ni kimoja tu, cha mwisho kabisa cha mnyororo wa B, namba 30, kwenye ncha ya C: kwa mtu ni threonini, kwa nguruwe ni alanini. Ya ng'ombe, ambaye sote tungemkimbilia, inatofautiana na yetu kwa viungo vitatu. Nilipomtajia hili mama mkubwa alishika kifua. "Yaani nguruwe ndiye ndugu?" Nikamwambia kwa insulini tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna kiwanda Denmark kilichukua insulini ya nguruwe na kwa kimeng'enya kikabadilisha hicho kiungo kimoja cha mwisho, alanini ikatoka, threonini ikaingia, ikawa sawasawa na ya mtu. Ungempelekea mkemia yeyote angeapa imetoka kwa binadamu. Kwa mama mkubwa hiyo isingesaidia, asili ingebaki pale pale. Lakini wakati huo huo, mwaka 1982, Marekani iliruhusu insulini iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na baadaye wengine wakatumia hamira badala ya bakteria. Nilichukua kichupa chake, nikasoma karatasi ya ndani, maandishi madogo kama kunguni wachanga. Ya binadamu, iliyotengenezwa kwa hamira.

"Hamira?"

"Ndiyo mama mkubwa. Ile ile jamii ya hamira ya maandazi."

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi hamira ndiyo iliyoniponza, na hamira ndiyo inanitibu," akachukua kichupa, akamwita mjukuu alete maji anawe mikono. Alichoma ya kwanza jioni ile.

Kama una mzee nyumbani ambaye sindano yake inakaa kwenye friji haiguswi, muulize mlango ukiwa umefungwa. Huenda hana uvivu wala usahaulifu. Huenda ana swali la heshima ambalo haoni wa kumuuliza.

Kuna insulini nyingine ya siku nzima, ya bei, ambayo daktari alimtajia lakini mfuko ukakataa. Nayo imechezewa kwenye ncha. Mwishoni mwa mnyororo wa B wameongeza arijinini mbili, namba 31 na 32, na kiungo cha mwisho cha mnyororo wa A, asparajini, wamekitoa wakaweka glisini. Zile arijinini mbili zinaifanya ikae vizuri ikiwa majimaji kwenye kichupa chenye asidi, lakini ikiingia chini ya ngozi, ambako asidi haipo, inaganda kuwa punje ndogo ndogo na kuyeyuka taratibu mchana na usiku. Kazi ya kuongeza mkia wa viungo viwili. Nikisoma vitu kama hivi namkumbuka mwalimu wangu na mizunguko yake ya rangi, namsamehe nusu.

Sasa niseme langu, maana nimemsema sana mama mkubwa.

Miaka kadhaa nyuma alikuja dada mmoja, umri wa miaka ishirini na kitu, mfanyabiashara wa sokoni. Sukari ya kidole ilikuwa 15. HbA1c yake kwenye kimashine chetu cha mezani ikasoma 4.3. Nilirudia, ikasoma 4.3. Kontroli, ile sampuli ya kujaribia mashine, ilikuwa imepita asubuhi. Nikaandika majibu yote mawili kwenye fomu, nikasaini, nikampa aende nayo kwa daktari wake. Sikuandika hata neno moja la tahadhari. Mtu mwenye sukari 15 kupata 4.3 kwenye kipimo cha miezi mitatu ni kama nyumba inayoungua huku gogo la moto halina joto, nami nikapiga mhuri. Alirudi baada ya wiki tatu akiwa amedhoofika. Huko alikokwenda walikuwa wameishika ile 4.3, wakamwambia sukari ilipanda siku moja tu kwa ajili ya msongo wa mawazo. Nilipomuuliza maswali ambayo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza, akasema ana selimundu (siko seli) tangu utotoni. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona inahusianaje na sukari.

Inahusiana hivi. Kwenye selimundu, kiungo cha sita cha mnyororo wa beta kimebadilika. Mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Andika viungo vya mwanzo vya beta ya kawaida: valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki. Kwa mwenye selimundu, cha sita ni valini nyingine. Kimashine chetu kinatumia kingamwili inayotambua viungo vichache vya mwanzo pamoja na sukari yake, na hakifiki mpaka cha sita. Kwake ncha ya selimundu ni ncha kama nyingine. Kikahesabu, kikatoa namba, bila kulalamika. Namba yenyewe ilikuwa ya kweli, ila seli nyekundu za mwenye selimundu haziishi siku 120. Huishi siku kumi mpaka ishirini hivi. Sukari inakuta ncha changa kila mara, haipati muda wa kujaa. Ile 4.3 ilikuwa kipimo cha wiki mbili kilichovaa joho la miezi mitatu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba njia ya rejea ya kimataifa, ile ya kusahihishia mashine nyingine, ingegoma palepale. Wao hutumia kimeng'enya kinachokata mnyororo mara tu baada ya asidi ya glutamiki, kinang'oa kipande cha viungo sita vya mwanzo, kisha vipande vyenye sukari na visivyo na sukari vinahesabiwa kwenye mashine kubwa. Kwa mwenye selimundu namba sita haina asidi ya glutamiki. Kimeng'enya kinapita pale, kinakwenda kukata baada ya namba saba, na kipande kinachotoka si kile kinachotafutwa. Mashine kama hizo hatuna Mtwara, na sidhani kama tutakuwa nazo kesho. Sisi barabara ya Kilwa ikikatika kwa mvua, kama Mei 2024, hata vitendanishi (kemikali za vipimo) vya kawaida vinachelewa. Lakini mdomo ninao. Ningeuliza.

Siku hizi fomu yangu ina mistari miwili niliyoiongeza kwa kalamu kabla ya kutoa nakala: una selimundu wewe au ndugu wa karibu? Umeongezewa damu miezi mitatu iliyopita? Msimamizi alisema naharibu fomu. Nikaharibu zote. Na mtu mwenye selimundu namshauri daktari amfuate kwa sukari ya kidole mara kwa mara, au kipimo cha fruktosamini kikipatikana, ambacho kinapima sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, hasa albumini. Huko sukari inapenda zaidi lisini moja ya katikati ya mkufu kuliko ncha. Nimelisema makusudi, nisije nikaonekana nimeoa ncha.

Mpwa wangu anayesoma chuo alinitumia ujumbe wiki iliyopita baada ya kusikia nataka kuandika haya. Kitabu chake kimoja kinasema selimundu ni badiliko la namba sita, kingine kinasema namba saba, mwalimu kasema andikeni yoyote. Vyote viwili viko sahihi. Jeni inaposomwa, kila mkufu huanza na methionini. Kwenye beta hiyo methionini hukatwa mapema sana, valini ya pili inakuwa ya kwanza. Wanaohesabu kwenye protini iliyomalizika wanapata sita. Wanaohesabu kwenye jeni na methionini yake wanapata saba. Nilimjibu nikiwa kwenye bajaji, akajibu kwa kidole gumba. Vijana.

Nikamwongezea moja la bure, kwa kuwa ninalipenda. Mwaka 1986 Alexander Varshavsky na wenzake walitengeneza protini ile ile ikiwa na viungo tofauti mwanzoni, wakaziweka ndani ya hamira, wakatazama kila moja inadumu muda gani. Yenye methionini mwanzoni nusu yake ilikuwa ipo bado baada ya saa zaidi ya ishirini. Yenye arijinini mwanzoni, nusu ilikuwa imetafunwa ndani ya dakika kama mbili. Kiungo kimoja mlangoni, mengine yote yale yale. Safari hii mpwa hakujibu hata kwa kidole gumba.

Februari mama mkubwa alirudi. Hakuwa ameambiwa siku. Nilimpigia asubuhi, nikamwambia panda bajaji sasa hivi, asipate nafasi ya kujipanga. Alikuja na ukili wake na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, akaketi kwenye benchi la wagonjwa kama mwenye nyumba. Nikamtoa damu. Akasubiri, anasuka, hasemi.

Asilimia 8.1.

Nilimwonyesha karatasi. Alisoma namba, akaitafakari, akauliza ile ya zamani ilikuwa ngapi, nikamwambia. Nikadhani atasema amefaulu.

"Nilikuwa natia vijiko vinne," akasema. "Nimeacha viwili. Hivyo viwili vilivyobaki acha vijiandike huko kwenye ncha yako, mimi sijifichi tena." Kisha akanisogezea ming'oko nile kabla haijapoa.